Siku Niliyomtafuta Kuku Wodini

Vijana wanaomaliza vyuo vya uuguzi wana kawaida ya kupita hapa kwangu Unyambwa, Singida, kabla hawajajaza fomu za kwenda nje. Wanakuja wawili wawili, wanatoa shikamoo, wanakaa kwenye benchi, mke wangu anawaletea uji. Kwanza wanazunguka na habari za mvua na za alizeti, halafu mmoja anamkanyaga mwenzake mguu na lile lililowaleta linatoka: wamesikia babu alifanya kazi Botswana, je, mtu akifika kule anaanzaje?

Huwa nawajibu kwamba anaanza kwa kuaibika. Wanacheka, wanadhani natania. Sasa wiki iliyopita alikuja binti wa jirani yangu. Amepata kazi kwenye nchi ambayo hata jina lake mimi silitamki sawasawa, akaniuliza swali hilohilo huku ameshika daftari na kalamu. Nikaona mtoto huyu hatanii. Basi nimekaa niliandike jambo hili lote, yeye asome na ninyi wengine msome.

Nianze na viatu. Nilikwenda kwa basi, maana nauli ya ndege wakati ule niliisikia tu kwa watu. Nilipita Tunduma, nikaikata Zambia yote, nikavuka mto kwa kivuko. Ng'ambo ya pili, nikiwa bado natafuta mahali pa kugonga muhuri, nikakuta mkeka mnene uliolowa dawa, na afisa wa mifugo amesimama kando yake. Akaniambia nikanyage. Nikakanyaga, viatu vyangu vipya vya ngozi vikanywa dawa mpaka soksi. Nikadhani yamekwisha. Akauliza kama nina viatu vingine kwenye begi. Nilikuwa na kandambili, na vile viatu nilivyofungia ndoa. Akavitoa kimoja kimoja, akavichovya taratibu kama mchungaji anayebatiza.

Nikamwuliza kwa Kiingereza kama ananiona naumwa. Akasema hapana, wewe huna shida yoyote, tunawaogopea ng'ombe.

Kwa mtu aliyechunga ng'ombe wa baba yake mpaka darasa la saba, maneno yale yalinituliza kabisa. Nikajua nimefika kwa watu wenye akili zao.

Hospitali niliyopangiwa ilikuwa ndogo, kwenye kijiji kikubwa pembezoni mwa mchanga wa Kalahari. Ninyi mkisikia nje mnawaza maghorofa. Mimi asubuhi ya kwanza nilifungua dirisha nikaona mchanga, miti ya miiba, ng'ombe wamelala katikati ya barabara, na mama mmoja anafagia uwanja. Mchana wakaniletea ugali wa mtama. Nilimwandikia mama yangu barua kumweleza hayo, naye akamtuma mdogo wangu anijibu: kama ni ng'ombe na mtama tu, kwa nini sikubaki nyumbani nikavila hapahapa bila kulipa nauli? Mshahara nisingeweza kuutaja kwenye barua, mdogo wangu angeusoma kwa sauti.

Tatizo halikuwa chakula wala baridi ya mwezi wa sita, ingawa baridi ile mtu wa Singida anayejivunia upepo wake aende akaionje. Tatizo lilikuwa lugha. Kazini wauguzi na madaktari tulizungumza Kiingereza, lakini wagonjwa wetu, hasa wazee, walikuwa na Kisetswana tu. Na Kisetswana ni ndugu wa Kiswahili. Nyama wanasema *nama*. Mtu ni *motho*. Maji ni *metsi*. Wiki ya kwanza nilifurahi sana, nikaona miezi miwili tu nitakuwa mwenyeji. Sikilizeni, lugha usiyoijua kabisa haina hatari, maana unakaa kimya. Ya hatari ni ile inayofanana na yako, kwa sababu unajiona unaelewa.

Chukua neno *rra*. Maana yake ni bwana, au baba, na kila mtu mwenye adabu analibandika mwisho wa sentensi akizungumza na mwanaume. Ndiyo kwao ni *ee*. Kwa hiyo mgonjwa akikukubalia kwa heshima anasema *ee, rra*. Sasa sisi wa bara mnajua masikio yetu na hizo r na l. Nilikuwa namwuliza mzee kwa ishara na vijineno viwili vitatu kama kifua kinamuuma, naye ananijibu, "Ee, la." Namwuliza kama amelala vizuri. "Ee, la." Nikaandika kwenye faili lake kwamba mgonjwa hana uhakika na maumivu yake. Nikaandika hivyo kwa wagonjwa watatu mfululizo, tena kwa mwandiko mzuri, kabla mkuu wangu wa wodi hajayaona yale mafaili.

Huyu mkuu wa wodi ndiye aliyenifundisha kazi, niseme ukweli, ingawa cheti nilikuwa nacho tayari. Tulimwita Mma Lorato, yaani Mama Lorato, kwa sababu kule nako mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alikuwa mama wa makamo, mnene, anayetembea polepole na kuona kila kitu. Alisoma yale mafaili matatu, akaniangalia, akauliza kwa upole kama huko kwetu wagonjwa huwa wana uhakika. Halafu akanifundisha kitu ambacho nawapa bure: ukifika ugenini, usianze na salamu wala majina ya vyakula. Anza na maneno ya "wapi panauma", "tangu lini", na "umekula". Hayo matatu yatakuvusha mpaka yatakapokuja mengine.

Nilimsikiliza kwa hayo matatu. Kwa mengine nilijifundisha mwenyewe.

Hapo ndipo tunaingia kwenye neno *sala*. Siku moja mama mmoja aliruhusiwa kwenda nyumbani baada ya kulazwa wiki mbili. Akaja kuniaga, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Sala sentle, rra." Mimi ni Mkristo, nimelelewa kanisani, mtu akiniambia sala sina haja ya kuuliza mara mbili. Nikafumba macho palepale katikati ya wodi, nikainamisha kichwa, nikamwombea. Nilimwombea kwa Kiswahili, sala ndefu yenye kugusa safari yake, mguu wake na familia yake yote. Nilipofumbua macho nilikuta wodi nzima imeinamisha vichwa, hata mtu wa usafi ameegemea ufagio wake. Yule mama alikuwa analia. Wakasema amina.

Baada ya hapo kila aliyeruhusiwa alikuwa anakuja kuniambia *sala sentle*, na mimi namwombea. Niliona nimefika kwa watu wa Mungu sana. Ilichukua wiki nzima mpaka Mma Lorato aliponiita pembeni akaniuliza kwa nini muuguzi wake anachukua dakika tano kumuaga kila mgonjwa. Nikamweleza. Akakaa kwenye kiti kwanza. Ndipo akanielewesha kwamba kwa Kisetswana *sala* ni kubaki. Anayeondoka anamwambia anayebaki *sala sentle*, baki salama. Anayebaki ndiye anayemwambia anayeondoka *tsamaya sentle*, nenda salama.

Niliona aibu iliyonishuka mpaka magotini. Nikajiapia kwamba neno *sala* halitatoka kinywani mwangu tena katika nchi ile. Nitatumia lile jingine tu, ambalo halijaniumiza. Ikawa nikitoka kwenda kunywa chai, nikimaliza zamu, nikienda maabara, napita kitanda hadi kitanda nikiwaambia wagonjwa, "Tsamaya sentle." Walikuwa wanacheka na kuitikia, "Ee, rra." Nikaona wananipenda.

Hebu tulieni sasa, hapa ndipo kazi ilipotaka kuniponyoka.

Palikuwa na bibi mmoja jina lake Sethunya, mwenye kisukari, mwembamba kama ufito, amevaa shuka la sufu mabegani hata wakati wa joto. Alilazwa jana yake jioni, kwa hiyo alikuwa hajanizoea. Asubuhi niliingia zamu nikamsalimia. Lazima niseme hapa kwamba salamu yao, *dumela*, inasemwa sawasawa kwa mtoto na kwa mzee, na mimi nilishindwa kabisa kumsalimia mtu wa umri wa bibi yangu kama ninayemsalimia rika langu. Kwa hiyo kwa wazee nilikuwa naongeza kupiga goti kidogo, kama ninayesema shikamoo kimoyomoyo. Bibi Sethunya aliliona lile goti. Akawaambia majirani zake wa kitanda, kama nilivyokuja kusimuliwa, kwamba huyu lazima ndiye daktari mkubwa, maana ndiye pekee aliyefunzwa adabu.

Nikampima sukari, nikamchoma insulini yake, akanywa uji wake wote. Saa nne nikaenda kunywa chai. Nikapita kitanda hadi kitanda, na nilipofika kwake nikapiga goti nikamwambia taratibu, kwa heshima zote, "Tsamaya sentle, mma."

Akanishukuru. Nikaenda kunywa chai.

Nilirudi nikaingia moja kwa moja upande wa pili wa wodi, palikuwa na mzee ametoa dripu mkononi na damu imetapakaa shukani. Nikahangaika naye mpaka karibu na saa sita. Mma Lorato alikuwa ameitwa stoo ya dawa. Chakula cha mchana kilikuwa kimegawiwa, mkate na supu, na ndugu wa wagonjwa wameanza kuingia. Akanijia mwanamke mmoja wa miaka thelathini hivi, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye haraka, ameshika mfuko wa matunda. Akanisalimia vizuri, kisha akauliza, "Nkuku o kae?"

*O kae* nililijua, ni "yuko wapi". Na neno la kwanza, ndugu zangu, mnataka mtu wa Singida alisikie vipi? Nilisikia kuku. Kuku yuko wapi.

Wala sikushangaa, na hapo ndipo mtanielewa ninyi mliofanya kazi kwenye hospitali zetu. Hapa kwetu mgonjwa akipona, au mama akijifungua salama, ndugu wanaleta kuku. Nimepokea kuku mara nyingi, na mara nyingi kuku hao wamenifungukia kamba wakakimbia ndani ya wodi. Nikajua huyu dada kaleta kuku wa shukrani, kamwacha mahali, kamponyoka. Kilichonitia hofu ni Mma Lorato. Wodi yake ilikuwa inang'aa, na kichwani nilishamwona anakuja kutoka stoo na kumkuta jogoo juu ya meza ya dawa. Nikamwonyesha yule dada kwa mkono kwamba asijali, nitamtafuta kimyakimya.

Nikainama nikaanza na vitanda vya mstari wa kwanza. Hakuna kitu. Mstari wa pili, hakuna kitu. Nikaomba kipande cha mkate kwa mgonjwa aliyekuwa hana hamu ya kula, nikakifikicha, nikawa natupa makombo chini ya vitanda huku naita kwa ile sauti ya ncha ya ulimi tunayowaitia kuku wetu jioni. Wagonjwa walinyanyua miguu wenyewe ili nipite. Yule dada alinifuata nyumanyuma na mfuko wake wa matunda, haelewi. Yeye aliuliza bibi yake yuko wapi, na huyu muuguzi mgeni anatambaa sakafuni anamwita kwa makombo ya mkate. Baadaye alisema alidhani labda ndiyo njia ya kitaalamu.

Tulitafuta chooni. Tulitafuta kwenye kabati la mashuka. Nilikuwa nimepiga magoti nachungulia nyuma ya mtungi wa oksijeni nilipoona viatu vya Mma Lorato mbele ya pua yangu.

Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa natafuta nini.

"Natafuta kuku wa huyu dada," nikasema. "Amempoteza humu ndani."

Akamgeukia yule dada, wakazungumza sentensi mbili tatu. Niliona uso wa Mma Lorato ukibadilika. Hakucheka.

"Nkuku ni bibi," akaniambia. "Anamwuliza bibi yake. Yuko wapi Sethunya?"

Tukaangalia kitanda chake. Kilikuwa kimetandikwa vizuri, shuka la hospitali limekunjwa pembe nne, na supu yake imepoa juu ya kabati. Hapo ndipo nilipoogopa. Kwa sababu mimi ndiye niliyemchoma insulini asubuhi, na nilijua kwamba uji ule peke yake haungemfikisha mbali, hasa kama yuko mahali anatembea juani. Insulini haijali umekula au hujala. Inaendelea na kazi yake. Mzee wa umri ule sukari ikimshuka anaweza kuanguka asiamke, na sisi tulikuwa tumepoteza karibu nusu saa tukimtafuta jogoo.

Jifunzeni hili hata kama mengine mtayasahau: mgonjwa wa sindano ile mhesabu kwa macho yako kila unaporudi wodini. Usiangalie kitanda, angalia mtu. Na sukari iwepo mfukoni. Mimi nilichota vijiko vinne kwenye trei ya chai nikavifunga kwenye karatasi, nikachukua chupa ya maji, nikakimbia.

Getini mlinzi akasema ndiyo, amepita, zamani tu, tangu saa nne na kitu. Alimfungulia geti yeye mwenyewe. Mma Lorato, aliyekuwa amenifuata pamoja na yule dada, akamwuliza kwa nini amemwacha mgonjwa atoke bila karatasi ya ruhusa. Mlinzi akasema bibi alimweleza kwamba ameruhusiwa na yule daktari mgeni, yule anayepiga magoti.

Tukapanda pikapu ya hospitali, dereva, Mma Lorato na mjukuu mbele, mimi nyuma nimeshikilia bomba la gari. Mjukuu alisema kwa vyovyote bibi ameelekea kwenye zizi lake, kilomita kadhaa, ana ndama wapya. Dirisha dogo la nyuma lilikuwa wazi, na Mma Lorato akanigeukia.

"Ulimruhusu?"

"Sikumruhusu. Mimi naanzia wapi kumruhusu mgonjwa?"

"Ulimwambia nini mara ya mwisho?"

Nikamwambia. Nilimuaga tu kama ninavyowaaga wote, nikamwambia *tsamaya sentle*.

Niliyaona mabega ya dereva yakianza kutikisika, na gari likawa linayumba kidogo kwenye mchanga. Mma Lorato akageuka akaangalia mbele. Ndipo, vijana wangu, neno likanishukia vizuri: kila siku nilikuwa nawaambia wagonjwa wa watu nendeni salama. Wale wengine walishanizoea. Huyu alifika jana, akaniona nina adabu, akaniamini, akaenda.

Tulimkuta kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, amekaa chini ameegemea saruji, shuka la sufu bado liko mabegani. Jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyoshikana. Mjukuu wake alipomwita hakugeuka. Niliruka kutoka kwenye gari kabla halijasimama. Nikakoroga sukari kwenye maji kwa kidole, nikampa kidogo kidogo, nikihakikisha anameza, maana ukimimina tu mgonjwa wa hali ile anapaliwa. Mma Lorato akamshika mapigo. Ng'ombe watatu wakaja kutuangalia.

Sijui zilipita dakika ngapi. Nilikuwa naomba, na safari hii hakuna aliyeniambia nisali. Halafu mikono ikaanza kutulia. Akapepesa macho, akamwangalia mjukuu wake, akamwangalia Mma Lorato, kisha akanitazama mimi, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, kwa sauti inayopanda, kidole kimoja hewani. Sikuelewa hata neno, lakini nilimwelewa, kwa sababu bibi yangu mzaa mama hapa Unyambwa alikuwa ananisema vilevile kwa Kinyaturu nikirudi na ng'ombe pungufu. Nikapiga goti, nikatulia nikasemwa.

"Anasema nini?" nikauliza alipomaliza.

Mma Lorato alifikiri kidogo. "Anasema ulimfukuza asubuhi, na sasa umemfuata na gari. Anataka uamue moja."

Alipona. Siku tatu baadaye daktari mwenyewe alimruhusu, kwa maandishi, mjukuu wake akiwa amemshika mkono, na mimi nikatumwa maabara wakati huo ili nisije nikasema chochote.

Lakini mimi nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na jambo kama lile haliishi hivihivi. Nilikaa na karatasi mbele yangu nikiwaza niandike vipi taarifa. Iliwezekana kuandika kwamba mgonjwa alitoroka. Wagonjwa hutoroka kila mahali, hakuna ambaye angeuliza. Nilimwendea Mma Lorato nikamwambia ninavyowaza, nikitarajia atanisaidia kutafuta maneno. Hakunyanyua kichwa kwenye kazi yake. Akasema andika kama ilivyokuwa.

"Yote?"

"Yote. Na mkate."

Nikaandika yote, na mkate. Nikaitwa mbele ya metroni, mkuu wa wauguzi wote, na wakubwa wengine wawili. Nilivaa viatu vyangu vya ndoa. Metroni aliisoma taarifa kwa sauti, kwa uso mkavu, mpaka pale penye mtungi wa oksijeni, ambapo mmoja wa wale wakubwa aliomba radhi akatoka nje kupokea simu, na mimi sikusikia simu yoyote ikilia. Metroni akamaliza. Akaniuliza kama nataka kurudi kwetu. Akaniuliza kwa wema, si kwa kunifukuza. Nami niliwaza kwa kweli, kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeiona mikono ya yule bibi ikitetemeka. Nikamwambia naomba kubaki. Nikalitumia lile neno lenyewe la Kisetswana, *sala*, nikijua sasa maana yake.

Wakanipa barua ya onyo, ninayo mpaka leo. Na wakanihamishia mapokezi ya wagonjwa wa nje kwa mwezi mmoja, kazi yangu ikiwa kuita majina ya watu kwa sauti na kuwapima presha. Nilidhani wamenionea huruma. Hapana. Majina ya Kisetswana yana sauti za kooni na za pembeni mwa ulimi ambazo mdomo wangu haukuumbiwa. Nikiita Kgomotso linatoka kama mtu anayekohoa. Nikiita Tlhompho hakuna anayesimama, kwa sababu hakuna mtu duniani anayeitwa nilichokisema. Ukumbi ulikuwa na watu sitini, sabini, kwenye mabenchi, nao wakaugeuza mwezi ule kuwa darasa. Nikikosea wanacheka, halafu wananitamkia jina kwa pamoja kama kwaya, nami narudia mpaka watosheke. Wapo waliokuja hospitali bila kuumwa, najua, nilikuwa nawapima presha zao nzuri kabisa.

Nilikuwa nakwenda nyumbani mdomo umechoka. Napika, nakaa kizingitini, nayatamka yale majina peke yangu, nikiwaangalia ng'ombe wa watu wakipita.

Wiki ya mwisho, siku ya Alhamisi, nilichukua kadi iliyokuwa juu. Ilikuwa ya mwanaume mmoja anaitwa Kgosietsile. Nikalitazama lile jina. Nikavuta pumzi, nikaliita.

Nikasubiri kwaya. Haikuja. Wengine walikuwa wanapiga miayo, mama mmoja anamfunga mtoto mgongoni. Benchi la nyuma mwanaume mmoja akasimama, akakunja gazeti lake, akaja mpaka mezani, akaketi, akanyoosha mkono nimpime.

Nilimpima mara mbili, maana mara ya kwanza namba sikuziona vizuri.